Risala ya Wakulima wa Mwani kwa Mgeni Rasmi, Micheweni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa Wilaya, Sheha wetu, wazee wetu na akina mama wenzetu, Assalaamu alaykum.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kutufungulia chanja hizi za kuanikia.

Mheshimiwa, kilimo cha mwani Zanzibar kilianza mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, za aina mbili: mwani mwembamba na mwani mnene. Mnene ndio wenye bei. Leo ukishuka pwani maji yakipwa, kambani utakuta mwembamba tu, nao kwa tabu. Mnene ukiufunga, haupiti muda matawi yanapauka, yanakuwa meupe na laini, na bamvua likija yanakatika, yanakwenda na maji. Watafiti wanasema maji ya kina kifupi yamezidi joto, na mwani uliodhoofishwa na joto hushambuliwa na vijidudu. Joto lenyewe sisi tulishalijua kwa miguu yetu.

Joto hilo linatokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa duniani. Afrika nzima huchangia takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotoka humo. Sehemu ya kisiwa chetu cha Pemba haionekani hata kidogo.

Hapa kijijini ng'ombe akila muhogo wa jirani, Sheha humwita mwenye ng'ombe. Hatujapata kuona mwenye muhogo akiambiwa avumilie, au atafute kitu chengine cha kulima. Sisi ndivyo tunavyoambiwa.

Hatusemi viwanda vifungwe. Mwani wetu hukamuliwa ute unaotiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi, na fedha hiyo ndiyo inayosomesha watoto wetu. Lakini anayenunua jasho letu kwa bei anayoipanga mwenyewe anafaidika na uchumi ule ule unaoitia joto bahari yetu. Kutununulia hakumuondolei dhamana. Bei iihesabu na mbegu inayotuozea majini, maana hivi sasa hasara hiyo tunaibeba peke yetu.

Mheshimiwa, mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu utokanao na mabadiliko ya tabianchi. Ombi letu kubwa ni utufikishie sauti, mkulima wa mwani atajwe katika madai ya nchi yetu. Fedha zikija, zije kama haki ya aliyedhurika. Msaada wa huruma husita siku mtoaji akichoka.

Ombi la pili ni boti na vifaa vya kulimia kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi na mnene unaweza kuota. Pamoja na hayo tunaomba mafunzo ya kuogelea, na mwalimu awe mwanamke. Wengi wetu tumefanya kazi baharini miaka yote hii bila ya kujua kuogelea.

Tunaomba kuwasilisha.