Tozo zijaribiwe kwenye kompyuta kabla hazijawafikia wananchi

Ndugu Mhariri,

Kila mwezi Juni, hotuba ya bajeti inaposomwa Dodoma, gazeti lako hujaa hoja za wachumi, wafanyabiashara na wabunge kuhusu kodi ipi ipande na ipi ishuke, na nyingi ya hoja hizo huegemea hesabu ya namna moja: kiasi kinachotozwa, zidisha kwa idadi ya miamala, ndiyo mapato ya serikali. Naomba nafasi katika safu yako niwaeleze wasomaji, hasa walio karibu na Wizara ya Fedha na Kamati ya Bunge ya Bajeti, kwamba ipo njia nyingine ya kuipima sera kabla haijawa sheria, ambayo watafiti wa benki kuu za nje wameanza kuitumia, na ambayo kwa maoni yangu ingetufaa sisi kuliko hata wao.

Njia hiyo ni modeli za watendaji. Badala ya kuandika milinganyo michache inayoeleza pato la taifa, bei na riba kwa jumla, mtaalamu hutengeneza ndani ya kompyuta maelfu ya kaya, makampuni na benki, kila mmoja akiwa na kipato chake, madeni yake na kanuni zake za kuamua. Kisha huwaacha wauziane, wakopeshane, waajiriane na kuachishana kazi mwezi baada ya mwezi, na mwenendo wa uchumi mzima hutokana na vitendo vyao. Thomas Schelling, aliyetunukiwa Nobel ya Uchumi mwaka 2005, alionyesha nguvu ya wazo hili tangu mwaka 1971: katika modeli yake mtaa uligawanyika kwa rangi za watu ingawa hapakuwa na mkazi hata mmoja aliyeutaka mgawanyiko huo, kwa sababu tu kila mmoja hakupenda kuzungukwa na wachache mno wa kundi lake. Ukichukua mkazi wa wastani na kumhoji, jambo hilo hutalipata kamwe.

Tuitazame kwa jicho hilo tozo ya miamala ya simu iliyoanza nchini Julai 2021, ikiwa kati ya Sh10 na Sh10,000 kulingana na kiasi cha muamala. Malalamiko yalikuwa makubwa, tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Majirani zetu wa Uganda walikuwa wamekwisha kupita njia hiyohiyo: Julai 2018 walianza na asilimia moja, wakalazimika kushuka hadi nusu asilimia, tena kwa wanaotoa fedha tu.

Sasa chukua fundi seremala wa Dar es Salaam anayemtumia mama yake Sh30,000 kijijini karibu na Kilosa. Ndani ya modeli, fundi huyu ana kanuni rahisi: hujumlisha gharama ya kutuma na ya kutolea, na ikivuka kiwango fulani humkabidhi kondakta wa basi fedha taslimu, au husubiri akusanye ya kutosha ili atume mara moja badala ya mara tatu. Upande wa pili yupo wakala wa kijijini, ambaye anaishi kwa kamisheni ya kila muamala. Miamala ikipungua, hana sababu ya kuacha mtaji wake ulale kwenye floti, yaani fedha anayoiweka tayari kuhudumia miamala ya wateja. Anauhamishia kwenye sukari na unga, na kibanda cha fedha kinafungwa. Hapo ndipo mambo yanapobadilika kwa majirani wa yule mama, waliokuwa radhi kabisa kuilipa tozo: wakala wa karibu sasa yuko kijiji cha pili, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inaizidi tozo yenyewe, nao wanarudi kwenye fedha taslimu. Serikali inawapoteza walipaji ambao tozo haikuwakimbiza moja kwa moja.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa katika kila kijiji. Ninachosema ni kwamba mnyororo wa namna hiyo una kizingiti: chini yake kupandisha tozo kunaleta mapato karibu kama yalivyokadiriwa, na juu yake nyongeza ndogo inaweza kuondoa kijiji kizima kwenye mfumo. Hesabu ya kuzidisha haiwezi kukiona kizingiti hicho, kwa sababu ndani yake hakuna wakala, hakuna jirani, na hakuna umbali.

Wenzetu wamefika wapi? Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza ilizitaka benki zihakikishe kwamba mikopo ya nyumba inayofikia mara 4.5 ya kipato cha mkopaji au zaidi haizidi asilimia 15 ya mikopo mipya ya nyumba. Mwaka 2016 watafiti wake, pamoja na wenzao wa vyuo, wakachapisha modeli ya soko la nyumba yenye wapangaji, wanunuzi wa mara ya kwanza, wenye nyumba na wawekezaji wanaonunua ili wapangishe. Ilionyesha kwamba kundi hili la mwisho likikua, bei hupanda na kuporomoka kwa kishindo zaidi, na kwamba ukomo wa aina ile ya mwaka 2014 hutuliza mawimbi hayo. Hata kabla ya hapo, Novemba 2010, Jean-Claude Trichet, aliyekuwa Rais wa Benki Kuu ya Ulaya, alikiri hadharani mjini Frankfurt kwamba wakati wa msukosuko wa fedha modeli za kawaida ziliwasaidia kidogo watunga sera, na akazitaja modeli za watendaji miongoni mwa njia zinazostahili kupewa nafasi. Kauli hiyo ina uzito, maana haikutoka kwa mwanaharakati.

Kwa upande wa ukuaji, wapo Giovanni Dosi, Giorgio Fagiolo na Andrea Roventini wa Italia, ambao mwaka 2010 walichapisha modeli yenye viwanda vinavyobuni mashine mpya na viwanda vinavyozinunua. Waligundua kwamba ubunifu peke yake, pasipo sera za bajeti zinazolinda uwezo wa wananchi kununua, huuacha uchumi ukiyumbayumba na ukosefu wa ajira ukiwa mkubwa. Wanaotuhubiria kila mwaka kwamba vituo vya ubunifu vitatosha kuukuza uchumi wetu wangefanya vyema kulitafakari hilo.

Pingamizi zito ninalijua: modeli hizi zina vipimo vingi vya kurekebishwa, na mtaalamu asiye mwaminifu anaweza kuiminya modeli yake hadi iseme anachotaka bosi. Ni kweli, na ndiyo maana programu yenyewe pamoja na makisio yake yote lazima viwe wazi kwa vyuo vikuu na kwa yeyote mwenye kompyuta. Kuhusu takwimu hatuanzi mikono mitupu, kwani tunayo Sensa ya mwaka 2022 na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Tena modeli za kawaida, zinazomchukua mlaji mmoja anayewakilisha wote, anayekopa benki apendavyo na kuijua kesho yake, zinamfaa machinga wa Kariakoo au mkulima wa mpunga wa Kilombero kidogo sana. Ndiyo sababu nilisema hapo juu kwamba njia hii inatufaa kuliko wenzetu.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji sheria mpya. Wizara iwape watafiti wa chuo kikuu kimojawapo takwimu za miamala ya kabla na baada ya Julai 2021, majina na namba za wateja zikiwa zimeondolewa, wajenge modeli kwa takwimu za kabla tu, kisha wabashiri kilichofuata. Modeli ikishindwa kukaribia kile ambacho tayari kilitokea, iwekwe kando. Ikifaulu, basi tozo yoyote itakayopendekezwa katika Muswada wa Fedha ipitishwe humo kwanza, na matokeo yake yawekwe mezani kwa Kamati ya Bajeti kabla wabunge hawajaulizwa wanaafiki au la.

Msomaji wako,
Morogoro