Wenye pikipiki tuambiane bila kununiana

Mhariri,

Nawaomba wenzetu wanaoendesha pikipiki kwa grupu wikendi, kutoka Nyali kupitia Mtwapa hadi Kilifi, wakubali kuambiwa. Mtu akiambiwa "bwana we, umenibana sana nyuma" anavimba kama ametukanwa! Jamani, mkijipanga mmoja kulia mmoja kushoto, aliye mbele yako moja kwa moja, upande wako, muachie nafasi ya angalau sekunde 2, na kwenye kona au barabara nyembamba mfuatane laini moja, maana trela likiwajia mbele hamna pa kukimbilia. Na nyinyi wazoefu msimfokee mgeni mbele za watu pale petroli stesheni, mvuteni kando mumwambie taratibu. Wa nyuma kabisa ndiye anayeona makosa yote, asikilizwe hata kama ni kijana mdogo.

Mpenda pikipiki,
Kisauni, Mombasa