Taa ya Mlango Haizimiki? Usikate Waya

Wiki iliyopita mteja mmoja aliondoka hapa gereji amenuna. Gari lake ni la mwaka 1998, na taa nyekundu ya mlango kwenye dashibodi ilikuwa haizimiki hata afunge milango kwa kishindo. Tulimtoza shilingi 1,500. Jioni akapiga simu: swichi ya mlango ameiona dukani kwa shilingi 300, kwa hiyo tumemlalia. Si wa kwanza kutuambia hivyo, na neno hilo linauma, maana gari lake hatukulitia swichi mpya hata moja.

Kwenye magari ya zamani swichi hiyo ni kidude chenye kichwa cha kubonyea, kimefungwa kwa skrubu moja kwenye nguzo ya mlango na kuvishwa mpira. Waya unaoingia mara nyingi ni mmoja tu. Mlango ukifunguka kichwa kinachomoza, waya unapata athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya chuma ya gari, taa inawaka. Mlango ukifungwa, kichwa kinabonyea na athi inakatika. Basi popote waya ule utakapogusa chuma njiani, taa itawaka vilevile, swichi iwe nzima au mbovu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa bwana yule. Taa ni moja kwa milango minne na buti. Tulichomoa swichi moja moja, zote tano, na taa bado inawaka. Hapo ndipo kazi ilipoanza: kubandua plastiki za pembeni, kufuata waya kwa mita, hadi kwenye bomba la mpira karibu na bawaba za buti. Miaka yote ya kufungua na kufunga ilikuwa imeuchubua waya, shaba inang'aa upana wa punje ya mchele, imelalia chuma. Saa tatu za fundi wawili. Tukaunga kwa risasi ya kulehemu, tukavisha mpira mpya. Hiyo ndiyo 1,500.

Hapa Malindi adui mwingine ni chumvi. Magari yanayotoka Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, ukifungua ile skrubu unakuta kutu imeshakula uzi wake na shaba imeota ukungu wa kijani. Wengine wanapaka mafuta ya nazi kichwa kikikwama. Kinateleza siku mbili, kisha mchanga unagandia humo na kinakwama zaidi. Sisi tunaifungua swichi yenyewe, tunaipiga msasa mwembamba hadi shaba ionekane, tunasafisha pale skrubu inapokaa, tunatia grisi ya umeme. Ikiwa springi imechoka ndipo tunakwambia ununue mpya.

Linalotusikitisha ni kukata waya. Mwalimu mmoja wa Watamu alikatiwa waya na kijana wa kuosha magari, ukazungushiwa utepe tu. Joto likaulegeza ule utepe, ncha ikagusa bodi, na taa ya dari, inayotumia waya uleule, ikawa inawaka usiku kucha. Balbu ya wati 10 kwa saa kumi na mbili inakula karibu ampea-saa 10, na betri iliyochoka haiwezi kuvumilia hivyo kila siku. Alinunua betri mpya. Nayo ikalala. Alikuja kwetu akisukumwa, ameshatumia maelfu kwa kosa la waya wa kidole kimoja.

Na kuna mama aliyeondolewa balbu ya dashibodi ili "isimsumbue". Kwenye tuta moja mlango wa nyuma ukafunguka na mtoto amekaa pale. Alimdaka kwa kanzu. Alipotusimulia mikono yake bado ilikuwa ikitetemeka. Tangu siku hiyo hatukubali kuondoa balbu hiyo, hata mteja alipe mara mbili.

Kupima ni shilingi 500. Tusipopata hitilafu hatuchukui kitu. Kabla ya kuja, subirini giza liingie, mfungue mlango mmoja na kubonya kichwa cha swichi kwa kidole huku mingine imefungwa. Kama taa ilikuwa haizimiki na sasa, mkikivuta na kukibonya mara kadhaa, imezimika, mlango wenye kasoro mmeshaupata. Rudieni kwa kila mlango, kisha mtuambie ni upi mkifika. Hapo tunaanzia penyewe, na bei inashuka.