Barua ya wazi kwa wastaafu watarajiwa wa kijiwe chetu: msinunue kiwanja wala rimu kabla ya kutembea

Wadogo zangu wa kijiwe cha kahawa, Ngamiani,

Asalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, heri na amani.

Nimeletewa habari zenu mbili. Ya kwanza, mnaotimiza miaka 60 mwakani mmeshaanza kugawana ramani: huyu anakwenda Lushoto, yule Pangani, mwingine anasema Tanga hii hii imemlea na itamzika. Ya pili, mmekubaliana kushindana magari kwa kuzunguka koni, hiyo otokrosi mliyoiona kwenye video, kwenye uwanja wa moramu, kila mtu na gari lake la kuendea sokoni. Watoto wenu wamenipigia simu wakiniomba niwakataze hiyo ya pili. Sikatazi. Hainitishi hata robo ya ile ya kwanza. Kwenye otokrosi ukikosea unaangusha koni, mtu anaisimamisha, unarudi kwenye foleni. Kwenye kiwanja ukikosea, fedha imekwenda, na mwajiri wa kukupa nyingine hayupo tena.

Mfuko wako, uwe PSSSF au NSSF, utakupa sehemu ya mafao kwa mkupuo na iliyobaki utaipokea kidogo kidogo kila mwezi. Ule mkupuo una harufu, na madalali wana pua. Wataanza kukuita mzee wangu kabla fedha haijaingia benki. Kwa hiyo ninalowaomba ni moja kwa mambo yote mawili: tembeeni kwanza, kwa miguu, polepole, fedha ikiwa bado iko mahali pake.

Niwaulize mliokwisha kuchagua Lushoto: mlikwenda lini? Jibu nalijua. Mlikwenda Januari, shati limegandamana mgongoni, mkapandia Mombo, mkashuka kule juu mkakuta ubaridi mtamu, kabichi mbichi na pichi za kujaza kikapu. Nani asingetaka kuzeekea pale? Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na Wajerumani walipochoshwa na joto la pwani walipanda huko huko, wakapaita Wilhelmstal. Lakini wao walikuwa na watu wa kuwachanjia kuni. Ninyi nendeni Julai, mlale siku kadhaa, mwamke alfajiri muoge. Mwenye magoti mabovu atapata majibu yake kabla ya chai. Kisha nendeni tena Aprili, masika yamekolea, mpande ile barabara ya kutoka Mombo, kilomita thelathini na kitu za kona juu ya korongo, mvua ikishusha udongo kutoka mlimani. Mkiwa njiani mjiulize: presha ikinipanda usiku wa manane na nikahitaji kushushwa, nitashukaje? Sisemi Lushoto ni pabaya. Nasema chumba cha kupanga kwa miezi michache ni nafuu kuliko msingi wa nyumba.

Mji wetu una msemo wake, waja leo waondoka leo. Ndivyo wengi wenu mnavyotafuta pa kuishi. Mnafika saa nne, mnaoneshwa mipaka, mnakula wali samaki, saa kumi mko kwenye gari mnarudi. Kwa mwendo huo utapajua mahali pa kupiga picha, hutapajua mahali pa kuishi.

Pangani nayo ina sifa zake, minazi, samaki na watu wapole. Nawaonya jambo moja tu. Dalali atakutajia lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, atakutajia daraja la mtoni, halafu ndiyo akutajie bei ya kiwanja cha ufukweni. Bahari ya Pangani imekula ardhi mpaka ukajengwa ukuta wa kuizuia. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Maji yakiwa yamejaa, simama pale yanapofikia, hesabu hatua kuelekea nchi kavu. Ukikuta kiwanja chako kimeishia kabla ya hizo mita, mshukuru dalali kwa matembezi, uondoke.

Na kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka usimamizi wake mikononi mwa halmashauri ya kijiji, si mikononi mwa mwenyekiti na muhuri wake chini ya mwembe. Taka kuona muhtasari wa kikao. Mjini, nenda ofisi ya ardhi uhakiki jina la mwenye hati kabla hujatoa hata nauli ya dalali.

Mkiniuliza mimi, nitasema Muheza. Ni kilomita thelathini na kitu kutoka hapa, lami tupu, machungwa mlangoni, Hospitali Teule ipo, na likizidi jambo unafika hospitali ya mkoa ya Bombo bila kulala njiani. Ukitaka ubaridi unapanda Amani kwa siku moja, ukatembee kwenye ile bustani ya miti iliyoanzishwa 1902, jioni umerudi. Mtaniuliza mbona mwenyewe naishi Chumbageni. Ni kwa sababu shemeji yenu alikataa. Ana vikoba vyake, ana wenzake wa madrasa, akaniambia nikitaka machungwa yapo soko la Mgandini. Hapo mazungumzo yakaisha, na sijajuta. Kwa hiyo kabla hamjaniletea mimi ramani, pelekeni kwa wake zenu na waume zenu. Nawajua wawili hapo kijiweni ambao bibi bado hajui kwamba anahamia Handeni.

Tanga mjini sina haja ya kuwauzia. Ardhi ni tambarare, mzee anapanda baiskeli mpaka nguvu zimwishie mwenyewe. Maji ya bwawa la Mabayani yanafika bombani. Waliotuzikia wazazi wetu tunawajua, na watakaotuzika sisi wanatujua. Ubaya wake ni joto la Februari na chumvi. Nyumba ya Raskazone ina upepo wa kuondoa uchovu, lakini upepo huo huo unakula mabati, unakula nondo na unakula magari.

Chumvi hiyo ndiyo inayonileta kwenye otokrosi yenu. Magari yenu mengi yameishi pwani miaka mingi. Kabla ya kusema habari za mbio, kila mmoja alale chini ya gari lake, au amlaze fundi, akiwa na bisibisi na tochi. Gongeni chesisi pale inaposhikwa na miguu ya mbele inayobeba tairi. Pakisikika kama karatasi, gari hilo ni la kwenda sokoni, na hata sokoni liende taratibu. Fuateni mabomba ya breki kwa mkono toka mbele hadi nyuma. Mafuta ya breki yasiyobadilishwa siku nyingi yamenywa unyevu, na yakipata moto yanachemka, pedeli inazama hadi kwenye kapeti. Badilisheni. Hiyo ndiyo fedha pekee ninayowaruhusu kutumia kabla ya mbio ya kwanza.

Nimesikia kuna anayeulizia rimu pana na eksozi ya kelele. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ya mtumba, gari lililokuwa limeshapigwa na njia za Afrika Mashariki kabla halijawa lao. Wewe unakwenda kuzunguka koni kwa dakika moja. Endesha kwanza ulichonacho, uone kama wewe ndiye unayelichelewesha gari au gari ndilo linalokuchelewesha wewe. Mara ya kwanza huwa ni wewe.

Sasa video. Mliyoitazama ni ya Marekani: uwanja wa kuegesha magari, lami kavu, gari moja moja likishindana na saa, kila koni ikianguka sekunde 2 zinaongezwa, ukikosa njia mzunguko hauhesabiwi. Wenzetu Kenya hufanya otokrosi kwenye vumbi, na wengine wana vigari vya bagi vilivyoundwa kwa kazi hiyo. Ninyi mmechukua sheria za Marekani mkaziweka juu ya udongo wa Kenya. Inawezekana, ila mjue mnachanganya nini. Yule wa kwenye video anawaambia muongeze upepo kwenye tairi na mpake chaki pembeni, ili mkimaliza mzunguko muone tairi limelala kiasi gani kwenye kona. Hayo ni ya lami. Kwenye moramu bakini na kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi iliyo mlangoni kwa dereva, mpime tairi zikiwa za baridi. Chaki tunzeni, siku mkipata lami itawafaa.

Moramu ina tabia nyingine. Magari ya mwanzo hufagia changarawe, ya nyuma hukuta njia imeshika vizuri. Basi mzunguko wa pili mpangilio ugeuzwe, aliyetangulia aje mwisho, la sivyo mtagombana hadi Ramadhani. Na gari lisiondoke kabla vumbi la lililotangulia halijatulia. Anayepeperusha bendera akiwa haoni koni ya mwisho, dereva naye haioni.

Njia itembeeni kwa miguu mara tatu. Mara ya kwanza mtapiga porojo, najua, pigeni. Mara ya pili kila mtu peke yake na mdomo umefungwa. Mara ya tatu chuchumaeni kila baada ya hatua chache, macho yawe usawa wa dereva aliyekaa, kwa sababu koni unazozitenganisha ukiwa umesimama zinageuka ukuta mmoja ukiwa umekaa. Shikeni kichwani kona tatu tu: ya kwanza, ile inayofuatiwa na mnyooko mrefu, na ya mwisho. Nyingine zitakuja zenyewe kama macho yako yako koni moja mbele ya pale gari lilipo.

Kuendesha kwenyewe sina mengi. Breki zikamatwe gari likiwa limenyooka, ziachiwe, ndipo usukani ukatwe. Mkifunga breki katikati ya kona kwenye moramu, IST itaendelea mbele na usukani wako umekatwa wote. Ikitokea hivyo, rudisha usukani kidogo, toa mguu kwenye mafuta taratibu, subiri tairi zishike. Kuzidisha kukata ndiyo kosa la kila mtu. Gia ya pili inatosha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenye Noah asamehewe, awe mtunza saa. Gari refu kwenda juu na jembamba lina njia yake ya kupinduka, sitaki kuiona.

Toeni kila kitu garini: jeki, spana, tairi la spea, dumu la maji, na hasa kapeti la dereva, maana likiteleza chini ya pedeli hakuna ujuzi utakaokusaidia. Betri ifungwe isicheze. Tangi lisiwe chini ya robo, mafuta yakihamia upande mmoja kwenye kona injini inakohoa. Nati za tairi zikazwe asubuhi, zikazwe tena baada ya mzunguko wa kwanza. Ukimaliza na breki zimepata moto, usivute hendibreki. Weka gia, weka jiwe chini ya tairi. Mkanda na kofia ngumu havijadiliwi.

Linalonikosesha usingizi si ninyi, ni watoto wa mtaa. Injini ikinguruma mara mbili watakuwa mia moja, na watasimama upande wa nje wa kona kwa sababu ndiko kunakoonekana vizuri, na ndiko gari litakakokwenda likishindwa. Kamba iwe mbali, iwe na watu wazima wa kuilinda, na mtu mmoja awe na bendera nyekundu na ruhusa ya kusimamisha kila kitu bila kuulizwa. Mtungi wa moto uwepo. Kibali kichukuliwe. Na someni bima zenu: nyingi hazilipi gari likiharibika mashindanoni, hivyo bampa utakalovunja ni lako.

Wenye dawa za presha wazinywe kama kawaida siku hiyo, wapimwe asubuhi, na atakayekutwa juu ashike saa pamoja na mwenye Noah. Jua la saa sita kwenye uwanja usio na mti ni kali kuliko koni.

Tarehe mniambie mkishapata kibali, si kabla. Nitakuja na saa zangu mbili za kupimia na kiti changu. Na mwenye Starlet nyeupe aje nyumbani Alhamisi baada ya alasiri, alete boljointi mpya ya kushoto. Ya zamani nimeisikia ikigonga alipopita barabara ya 8, na alikuwa mwendo wa harusi.

Kaka yenu,
Chumbageni, Tanga