Laptopu Iliyotumika Inapopata Moto na Kuishiwa Chaji Mapema: Anza na Joto, Betri Baadaye

Wateja wengi wanaotuletea laptopu walizonunua zikiwa zimeshatumika huja na malalamiko mawili kwa pamoja: mashine inapata moto kiasi cha kutowekeka mapajani, na chaji inakwisha kabla ya kazi kumalizika. Wengi huwa wameshakata shauri kwamba dawa ni betri mpya, na wengine huja nayo mkononi. Tunawaomba wasubiri kidogo, kwa sababu katika mashine ya umri wa miaka kadhaa matatizo hayo mawili hushikana, na mara nyingi joto ndilo lililotangulia.

Betri za laptopu za siku hizi ni za lithiamu, na betri za aina hiyo hazipatani na joto. Mabadiliko ya kikemikali yanayoichakaza betri taratibu, hata ikiwa imekaa tu, huenda kasi zaidi kadiri joto linavyopanda. Wakati huohuo prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu za mashine, ikiwa na moto hupoteza umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile, na feni inayovuma bila kupumzika nayo hula chaji. Kwa hiyo anayefunga betri mpya ndani ya mashine ambayo bado inachemka huanza kuichakaza siku ileile ya kwanza.

Jambo tunaloliuliza kabla ya yote ni kama laptopu huzimika ghafla, na kama huzimika, huwa katika hali gani. Ikizimika hata ikiwa imechomekwa kwenye umeme, hasa wakati wa kazi nzito kama kuhariri video, na ikakataa kuwaka mpaka ipoe, shuku joto. Ikiwa haizimiki kamwe ikiwa kwenye umeme, lakini ukichomoa chaja inakata huku kioo kikionyesha asilimia 30 au 40, basi betri ina seli iliyochoka, isiyoweza tena kutoa umeme wa kutosha inapodaiwa mwingi kwa mara moja. Jaribio hili halihitaji bisibisi wala fundi, nalo humwepusha mteja na ununuzi wa kifaa kisichohusika.

Hatua inayofuata ni kupima. Zipo programu za bure zinazoonyesha joto la prosesa, kwa mfano HWMonitor na HWiNFO. Laptopu iliyotulia, bila kazi yoyote kwa dakika chache, kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 40 na 55 za Selsiasi, na ikipewa kazi nzito kupanda hadi 80 au zaidi si ajabu. Prosesa nyingi zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 95 hadi 105, na zikikifikia hupunguza kasi yake zenyewe ili zisiungue. Ndiyo maana mashine inayochemka huonekana nzito, na mwenye nayo hudhani imezeeka kumbe inajilinda. Pamoja na kipimo hicho, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja katika Windows, utazame prosesa inatumika kwa kiasi gani. Ikiwa hujafungua chochote na bado inafanya kazi kwa asilimia 50 au 60, tatizo ni la programu: masasisho yanayoendelea kimyakimya, kivinjari kilichoachwa na kurasa nyingi, au programu hasidi iliyobaki kutoka kwa mwenye mashine wa awali. Lakini ikiwa prosesa imetulia kwenye asilimia 3 huku joto likisoma nyuzi 80, hapo mashine haina budi kufunguliwa.

Kinachokutwa ndani mara nyingi ni kilekile. Feni husukuma hewa kupitia mabapa membamba ya chuma yaliyopangwa karibukaribu, na vumbi pamoja na nywele hunasa upande wa ndani wa mabapa hayo, mahali ambapo jicho halifiki kwa nje. Baada ya miaka hujitengeneza tabaka zito kama kipande cha blanketi, ambalo unaweza kulibandua likiwa zima kwa kibano. Kupuliza kupitia matundu ya nje bila kufungua kifuniko hakulitoi, hulisogeza tu. Kabla ya kusafisha, mashine izimwe kabisa, chaja ichomolewe, na waya wa betri utenganishwe na ubao mkuu wa mashine. Feni nayo ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza hewa, kwani kuizungusha kwa nguvu huharibu mhimili wake.

Pesti, yaani uji mzito unaopitisha joto kati ya prosesa na bapa la kupoozea, nayo hukauka ikawa kama chaki. Hufutwa kwa alkoholi ya isopropili, kisha hupakwa mpya kwa kiasi kidogo. Hapa tunasisitiza jambo moja ambalo wanaojifungulia wenyewe hulikosea: vile vipande laini vinavyofanana na mpira, vilivyobandikwa juu ya chipu za pembeni, havibadilishwi kwa pesti. Vimewekwa ili kujaza nafasi ambayo pesti haiwezi kuijaza, na vikiondolewa chipu hizo hubaki bila kugusana na kinachozipoza.

Joto likishatulia, ndipo betri inaweza kupimwa kwa haki. Katika Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, nayo itakuhifadhia ripoti unayoweza kuisoma kwenye kivinjari. Tazama mstari wa DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri ilioundwa nao, na ule wa FULL CHARGE CAPACITY, yaani kiasi inachoweza kubeba sasa. Betri iliyoundwa kubeba milliwati-saa 50,000 na sasa inabeba 30,000 imebakiwa na asilimia 60. Kwa maoni yetu, iliyo juu ya asilimia 80 haina sababu ya kuguswa, na iliyo chini ya 50 inastahili kubadilishwa. Zilizo katikati hutegemea mazoea ya mtumiaji: anayekaa karibu na umeme siku nzima hana haja ya kuharakisha gharama.

Ripoti hiyo pia huonyesha idadi ya mizunguko ya kuchaji, yaani mara ambazo betri imetumia chaji yenye jumla ya asilimia 100, na wauzaji hupenda kuitaja ikiwa ndogo. Tahadhari nayo. Laptopu nyingi zilizotumika zimetoka maofisini, ambako zilikaa miaka mingi zikiwa zimechomekwa kwenye umeme muda wote. Mizunguko yake ni michache kweli, lakini kukaa na chaji ya asilimia 100 ndani ya mashine yenye joto huidhoofisha betri sawasawa na matumizi. Uwezo uliobaki ndio unaosema ukweli.

Asilimia za chaji zinazoonyeshwa kwenye kioo zikirukaruka, chaji betri hadi ijae, itumie mpaka mashine izime, kisha ichaji tena bila kukatisha. Zoezi hili hurekebisha usomaji peke yake, wala halirudishi uwezo uliopotea.

Kuna hali moja isiyosubiri kipimo chochote. Ikiwa sehemu ya kugusia (tachipedi, ile ya kusogezea kishale kwa kidole) imeinuka au imekuwa ngumu kubonyeza, au kifuniko cha chini kimeachana na fremu, betri imevimba. Zima mashine, usiichaji tena, usiikandamize, wala usiitoboe, kwa sababu inaweza kushika moto. Ipelekwe kwa fundi iondolewe, na isitupwe kwenye takataka za kawaida.

Ukifikia kununua betri, linganisha namba ya muundo iliyochapwa kwenye betri ya zamani, volti zake na wati-saa zake. Betri yenye umbo lilelile inayodai uwezo mkubwa kupita kiasi kuliko ile ya awali haifai kuaminiwa. Ikishafungwa, na mashine yako ikiwa na mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe ikiwa unafanyia kazi mezani siku nyingi.

Unapotuletea laptopu, tafadhali njoo na chaja unayoitumia. Mashine inayohitaji wati 65 ikipewa chaja ya wati 45, chaji yake inaweza kushuka hata ikiwa imechomekwa, na baadhi ya mashine hupunguza kasi ya prosesa zisipoitambua chaja. Hilo hatuwezi kuligundua kwa kutumia chaja yetu.