Kwa mdogo wangu anayeogopa kusimama mbele ya watu

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku, kuhusu hotuba ya mahafali uliyochaguliwa na wenzako kuitoa, nimeusoma mara tatu. "Dada, waambie wamtafute mtu mwingine. Mimi si mtu wa kuongea." Sikukujibu papo hapo, maana ningejibu kwa haraka ningesema "usiogope, utaweza," na maneno hayo hayo niliambiwa mimi siku yangu ilipofika. Hayakunisaidia kitu.

Kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu, na barua naiacha wazi, kwa sababu wenye hofu kama yako ni wengi na wengi wao hawamwambii mtu.

Nianze na yaliyonikuta. Mara yangu ya kwanza kuhutubia ukumbi uliojaa, hotuba nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi moja nyepesi. Nilipoinyanyua tu, ikaanza kutetemeka. Kipaza sauti kilikuwa karibu, nikawa nasikia karatasi ikichakarika kama majani makavu. Mate yalinikauka, ulimi ukanata. Nikairuka aya nzima ya katikati, nikashukuru, nikaketi. Usiku ule sikupata usingizi, nikiamini ukumbi mzima uliniona nikitetemeka. Kesho yake mwenzangu aliyekuwa ameketi safu ya mbele kabisa akanipongeza kwa utulivu wangu. Nikadhani ananifariji, nikamuuliza kuhusu ile karatasi. Akanitazama kwa mshangao: "Karatasi gani?"

Hapo ndipo ninapotaka utulie nami kidogo. Hofu ukiwa nayo ndani, unaamini imeandikwa usoni na kila mtu anaisoma. Sivyo. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003: wazungumzaji walidhani wasiwasi wao unaonekana sana kuliko wasikilizaji walivyouona kweli. Lililonigusa zaidi ni kwamba wale walioelezwa hivyo kabla ya kusimama walizungumza vizuri kuliko ambao hawakuelezwa. Hawakupewa dawa wala mafunzo ya wiki nzima. Walijua tu kwamba ya moyoni hayaonekani kirahisi hivyo. Sasa na wewe unajua.

Moyo utadunda, hilo sikufichi. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, homoni inayouandaa kwa hatari, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa, vidole vinapoa, mdomo unakauka. Mwili umejiandaa kukimbia au kupigana. Haujui kwamba wewe unataka kusoma ukurasa mmoja tu. Usishindane nao. Kabla hujaitwa, vuta pumzi taratibu kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita, na mapigo yataanza kushuka. Kunywa maji. Karatasi iwe ngumu, au iweke juu ya meza usiishike kabisa.

Nirudi kwenye yale maneno yako, "mimi si mtu wa kuongea." Mohandas Gandhi, aliyekuja kuongoza Wahindi kudai uhuru wao, alipokuwa wakili kijana mjini Bombay alisimama kumhoji shahidi katika kesi yake ya kwanza. Kichwa kikamzunguka, asipate hata swali moja. Akaketi, akasema hawezi kuendelea na kesi, atafutwe wakili mwingine na ada irudishwe. Jioni ile naye angeweza kuapa kwamba yeye si mtu wa kuongea, na hakuna ambaye angembishia. Nakwambia haya kwa sababu unajihukumu kwa jambo ambalo hujalifanya hata mara moja.

Na nadhani kinachokusumbua zaidi hukukiandika. Ni lile swali la "mimi ni nani hata wanisikilize?" Wiki iliyopita ulinisimulia jinsi mlivyobebana na wenzako mwaka huu wa mwisho: yule aliyetaka kuacha masomo, zile usiku mlizosoma kwa zamu kwa sababu kitabu kilikuwa kimoja. Ulizungumza nusu saa nzima, hukutafuta neno hata moja. Wenzako wamekuchagua kwa sababu ulikuwepo. Wanachotaka kusikia siku ya mahafali ni hayo hayo, kwa sauti ile ile uliyotumia nami.

Wapo watakaokushauri uwaone wasikilizaji kama mawe. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mawe huyaambii habari ya kitabu kimoja. Tafuta sura mbili tatu unazozifahamu, moja kila upande, uzungumze nazo.

Usikariri hotuba nzima, maana neno moja likipotea yote yanatawanyika. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati jua mambo yako matatu. Fanya mazoezi ukiwa umesimama na kwa sauti. Kusoma kimyakimya kitandani si mazoezi. Ukisahau, nyamaza. Ukimya wa sekunde tatu utauona mrefu kama saa, lakini kwao ni mtu anavuta pumzi. Na nakusihi, usianze na "naomba mnivumilie, mimi si mzungumzaji mzuri." Utakuwa umewaomba watafute makosa ambayo wasingeyaona.

Kuhusu ombi lako, sitawaambia watafute mtu mwingine. Ukiamua mwenyewe kukataa, uamuzi huo nitauheshimu, ila usiamue kabla ya kesho. Leo usiku nipigie simu. Simama kabisa, usiwe umeketi, unisomee sentensi ya kwanza tu. Nitakuwa nasubiri.

Ni mimi,
Dada yako