Mheshimiwa Waziri wa Afya, tuleteeni eksirei ya meno wilayani kabla hatujaisha meno

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Najua barua za hivi unapata nyingi na nyingi ni za wodi ya wazazi, ambulensi na dawa, na ni haki yake, ila leo naomba nikusemeshe kuhusu meno mana meno huwa yanakumbukwa mwisho kabisa bajeti ikishaisha.

Ukienda hospitali ya wilaya huku kwetu Kanda ya Ziwa jino linauma, shughuli yako ni fupi sana. Unakaa benchi, unaitwa, tabibu anamulika, anagongagonga jino na mpini wa kioo, linauma? linauma, haya tulia, sindano ya ganzi, koleo, ng'ata pamba, nenda nyumbani. Simlaumu tabibu hata kidogo. Yeye anaona kichwa cha jino tu, mizizi iko ndani ya mfupa na hana kitu cha kumuonyesha kinachoendelea kule chini, sasa afanyeje, akiziba juu kumbe usaha uko kwenye ncha ya mzizi wiki ijayo mgonjwa anarudi shavu limevimba na lawama juu, kwahiyo anang'oa yaishe.

Mama yangu mdogo aling'olewa gego hivohivo na maumivu yakabaki palepale. Tulipompeleka mjini akapigwa picha ikaonekana bovu ni la jirani yake, limetoboka ubavuni pale meno mawili yanapogusana, sehemu ambayo jicho halifiki hata umulike na taa ya bodaboda. Lililong'olewa halikuwa na shida.

Nilikuwa nimesimama mlangoni wakati anapigwa hiyo picha. Ni kidude bapa kimevalishwa mfuko wa plastiki (wenyewe wanaita sensa, sio ile ya watu na makazi), kina waya unaoenda kwenye laptop, anakishikilia kwa meno, mlio mmoja tiii, na kabla hajakitema picha iko kwenye skrini. Jino linaonekana jeupe, mahali palipozibwa zamani panang'aa zaidi, uozo unatoka kama kivuli cheusi, na kwenye ncha ya mzizi kulikuwa na doa jeusi saizi ya choroko. Daktari akalikuza, akamuonyesha kwa kalamu, unaona hapa mama. Mama mdogo ni wa darasa la saba lakini alielewa palepale na akauliza mwenyewe, sasa hili haliwezi kupona bila kung'olewa? Kule wilayani hakuuliza, angeuliza kuhusu nini wakati hakuna alichoonyeshwa. Akasafishwa mzizi, likazibwa, na mahindi ya kuchoma anatafuna.

Na wala hii sio teknolojia ya juzi. Mwanafizikia Röntgen aligundua hii mionzi ya eksirei mwaka 1895 huko Ujerumani, na Januari 1896 tayari daktari wa meno Mjerumani mwenzake, Otto Walkhoff, alishapiga picha ya meno yake mwenyewe, ikambidi avumilie dakika 25 bila kutikisika. Zikaja filamu ambazo lazima uzioshe kwenye dawa gizani, ikiungua unapigwa upya. Saivi ni sekunde, na mionzi imepungua mno, picha moja ya jino ni kama ile tunayopata wote kwa siku moja hivi kutoka ardhini na angani bila kufanya chochote. Kwahiyo hoja ya kwamba eksirei ni hatari isitumike kutunyima, TAEC, yaani Tume ya Nguvu za Atomiki, wapo, kazi yao ni kukagua na kutoa vibali, wakague.

Kuna jambo zito zaidi ya jino kuuma. Madaktari wa upasuaji wa kinywa pale Muhimbili wanaujua vizuri uvimbe wa taya unaoitwa ameloblastoma. Ubaya wake hauumi. Unakua taratibu ndani ya mfupa miaka na miaka, mtu anadhani ni taya tu limenenepa, wengine wanapelekwa kwa waganga, akifika rufaa uso umeshapinda na inabidi kipande kizima cha taya kikatwe. Huo uvimbe ukiwa bado mdogo unaonekana kwenye picha, na mara nyingi unakutwa kwa bahati tu, mtu kapigwa picha kwa ajili ya jino jingine kabisa. Sasa kama picha haipo, hiyo bahati ataipatia wapi?

Siombi makubwa. Ile mashine kubwa ya kupiga picha za 3D, CBCT, iacheni huko rufaa, kazi yake ni kama gego la mwisho limelala karibu na neva ya taya la chini na daktari anataka kujua neva inapita wapi kabla hajatia mkono, mana ikiumia mdomo wa chini unakufa ganzi miezi, wengine moja kwa moja. Sisi tunaomba kale kamashine kadogo ka picha ya jino. Zipo za ukutani na zipo za mkononi zinazotumia betri, umeme ukikatika kazi inaendelea. Na picha yenyewe ni faili, tabibu wa wilaya akikwama anamtumia bingwa wa hospitali ya Bugando, Mwanza, anaiangalia anamjibu, mgonjwa hajapanda gari. Daraja la Kigongo–Busisi tumelipata na tunashukuru, ila mtu kulivuka kwa sababu ya picha ya jino moja, nauli na siku nzima ya kazi imepotea, hapana kwa kweli.

Najua utasema hospitali za wilaya ziko TAMISEMI, wanaosimamia serikali za mitaa. Sawa, lakini miongozo na viwango vinatoka kwako, kaeni wizara mbili mkubaliane ili chumba cha meno bila eksirei kihesabike hakijakamilika, kama ambavyo maabara bila hadubini hamuwezi kuipitisha. Afu msilete mashine bila fundi. Hizo sensa mgonjwa aking'ata waya vibaya au ikidondoka sakafuni imekwisha, na tumeshaona vifaa vingi vinazinduliwa na utepe halafu mwaka unaofuata vimefunikwa shuka. Na Bima ya Afya kwa Wote, sheria ilishapita 2023, picha ya jino na kusafisha mzizi viingie kwenye kifurushi cha msingi kabisa, mana kama kung'oa kutalipiwa na kutibu hakulipiwi mtu wa hali ya chini atachagua nini?

Ukija ziara huku, Mheshimiwa, naomba uingie chumba cha meno bila kutoa taarifa, umuulize tabibu mwezi huu kaziba mangapi na kang'oa mangapi. Daftari lipo mezani.

Ni mimi mwananchi wako, Kanda ya Ziwa.